Wimbo Uliochukuliwa Msibani

Alhamisi, 6 Machi

Jana nilipakwa majivu kwenye paji la uso, nikaambiwa mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Nikarudi kwenye benchi langu nimetulia kabisa. Padre hajamaliza hata kunawa mikono, kwaya ikasimama, ikaimba wimbo wangu.

Nasema wimbo wangu kwa sababu niliutunga mimi, Januari, kule Mgeta, mama akiwa bado amelazwa ndani hajazikwa. Maneno ni yake. Nilipokuwa binti mdogo tulikuwa tunashuka na matenga ya kabichi wakati wa masika, mimi mbele, yeye nyuma, na njia nzima alikuwa ananiambia maneno hayo hayo: shuka taratibu, njia ina utelezi, niko nyuma yako. Nikayatia sauti nne. Februari nikashuka mjini nikawafundisha wenzangu wa kwaya, wakapanda kuja kuuimba kwenye misa ya arobaini. Wajomba zangu walitoka nje kujifuta machozi.

Halafu nikabaki mlimani kumalizia mambo ya ukoo. Narudi mjini nakuta Laurenti amewekwa kuwa mwalimu wa kwaya mahali pangu. Hilo ningelimeza. Lakini jana mtangazaji anasimama na kusema, "Wimbo huu mpya umetungwa na mwalimu wetu, Bwana Laurenti." Makofi. Na yeye anainamisha kichwa kama bibi harusi!

Nikamfuata nje. Laurenti ni Mnyamwezi wa Tabora, alikuja huku kutafuta kazi ya kiwandani. Mimi Mluguru. Kwa hiyo sisi ni watani, tangu enzi za mababu. Kwenye mazishi ya mama ni yeye aliyejitumbukiza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu, akaondoka na jogoo wa marehemu kwapani, msiba mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu hospitalini.

"Laurenti, wimbo ule ni wa nani?"

"Aa, mtani! Tangu lini mtani akaenda msibani akaondoka mikono mitupu? Jogoo nilishamla, nimebaki na wimbo."

Watu wakaangua kicheko. Nikasema sitanii. Akanigonga begani. "Mtani hakasiriki bwana," akasema, akaenda zake.

Nimeanza kuandika ili hasira hii isije ikapoa. Wahenga walisema akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Laurenti, nitakutenda.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Mlima hauonekani. Hasira ipo pale pale.

Jumatano, 12 Machi

Nina meza ya kompyuta ndani ya duka la Mama Sherbanu, hapa Mafiga. Yeye anauza madaftari, gundi na kadi za harusi. Mimi nachapa, natoa kopi, na napakia maombi ya watu kwenye mifumo ya mtandaoni, ya kazi, ya vyuo, ya vyeti vya kuzaliwa. Leo amekuja binti na picha ya cheti chake kwenye simu. Mfumo wa chuo unataka PDF, hautaki kusikia habari ya picha. Fundi Elia alikuwepo, amekuja kutazama printa. Kabla sijaanza kuigeuza ile picha, akanyoosha mkono, akafuta herufi za mwisho za jina la faili, akaandika pdf. Akapakia. Tiki ya kijani ikatokea.

"Elia, hiyo si PDF. Ni picha ile ile, umeibatiza tu."

"Brauza haijui, dada Magreth. Wewe unafikiri inafungua faili ikaangalia ndani? Wapi! Inasoma mkia wa jina, basi. Inaiuliza Windows, mkia huu ni wa kitu gani? Windows inajibu, huo wa PDF. Brauza inaubebea mfumo maneno hayo hayo, nimekuletea PDF. Na mfumo ukiwa mvivu, unaamini."

"Na huko mbele wakija kufungua?"

"Atakayefungua na programu ya PDF ataambiwa faili bovu. Ila inategemea na programu, maana kuna zingine zenyewe..."

Mama Sherbanu akamkatiza. Printa inatafuna karatasi tangu asubuhi, yeye amefunga Ramadhani, na mtu aliyefunga hana subira ya hadithi. Elia akaenda kwenye printa, na mimi nilikuwa nimekwisha kusikia nilichokitaka.

Cheti cha yule binti nilikigeuza vizuri kikawa PDF ya kweli, nikakipakia upya. Yeye hajanikosea kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu mwenyewe. Nimeandika kwenye faili la maandishi "Laurenti ni mwizi", nikalipa mkia wa picha, nikalipakia kwenye mfumo mmoja unaodai picha ya pasipoti. Limepokelewa! Kwa imani ya brauza, huo ndio uso wangu. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama ni mzima.

Halafu nikalipa mkia wa kujitungia, nikaandika kuku. Hapo brauza ikaduwaa, Windows yenyewe haijui mkia wa kuku, mfumo ukakataa. Kumbe ndivyo ilivyo. Ukiwa na jina linalojulikana unapita, hata ndani uwe na takataka. Kama kwaya yetu tu.

Jumapili, 16 Machi

Limetangazwa shindano la nyimbo mpya za kwaya. Unapakia wimbo mtandaoni, sauti peke yake, mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini Aprili. Kwaya zitakazoshinda zitaitwa Dodoma kurekodi studio, na wimbo utatoka na jina la mtunzi. Laurenti alikuwa anatabasamu hata padre hajamaliza kusoma.

Jina la mtunzi! Mama yangu alale chini, na maneno ya kinywa chake yatembee nchi nzima yakiitwa ya Laurenti. Labda niwe nimekufa na mimi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Maji yamefika kwenye ngazi ya duka.

Jumapili, 23 Machi

Mama Amani alikuja nyumbani baada ya misa. Ni rafiki yangu wa siku nyingi na ndiye anayeibeba sauti ya kwanza. Aliniletea ndizi mbichi na maneno matamu.

"Rudi kwaya, Magreth. Sauti ya pili imelegea bila wewe."

"Kwa hiyo wewe unajua wimbo ni wa nani."

"Sote tunajua."

"Mbona sikusikia mtu akisema?"

Akatazama chini. "Tungesema nini mbele ya padre? Na Laurenti kiwandani wamempunguza, hana kazi tangu Desemba. Angalau huku anaitwa mwalimu."

Nikamwambia ndizi asante, maneno arudi nayo. Kukosa kazi ni jambo baya, lakini mbona waliokosa kazi ni wengi na hawajaiba wimbo wa maiti? Mama Amani aliondoka bila kumaliza chai.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama Sherbanu kaniletea biriani mpaka mlangoni, mwenyewe, na miguu yake ile mibovu.

"Shikamoo, Mama. Idi njema."

"Marahaba. Kula. Mimi mfungo wangu umekwisha jana. Wewe wako unakwisha lini?"

"Mimi sijafunga, Mama."

"Umefunga. Umefunga kucheka. Yule mwanamume anatembea barabarani anacheka, wewe unakonda. Kama utamlipiza, mlipize upesi uanze kula."

Huyo ndiye mtu pekee Morogoro hii aliyenielewa.

Jumapili, 6 Aprili

Habari tamu. Kwaya imejaribu kujirekodi mara kadhaa na kila mara wanasikika kama watu wanaoimba ndani ya kikaango. Ni mvua juu ya bati la kanisa. Wakingoja ikatike, inakatika mpaka wapange mistari, halafu inarudi. Masika ya mwaka huu yako upande wa ukoo wetu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kristo amefufuka. Nilimwomba anisamehe kwa ambalo sijalifanya bado.

Alhamisi, 24 Aprili

Ameletwa mkononi mwangu.

Tangu juzi umeme umekatika Mafiga yote, nguzo zimeanguka na maji. Maduka yote ya kompyuta yamefungwa isipokuwa letu, maana Mama Sherbanu ana sola. Saa za mchana nikamwona Laurenti anavuka tope, suruali imekunjwa, simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alisimama mlangoni kidogo. Nadhani alitaka kugeuka. Kisha akavaa lile tabasamu lake.

"Mtani! Najua huwezi kunitupa."

"Karibu, mtani."

"Nina wimbo wa kupakia. Ule wa shindano."

Akaniwekea simu mezani. Ilikuwa video. Masika yamewaharibia rekodi zote, safi iliyobaki ni ile ya Februari, siku ya mazoezi, kabla ya mvua. Mama Amani ana tabia ya kuegesha simu juu ya kinanda na kutupiga video tukifanya mazoezi, ili akasikilize nyumbani sauti yake ilipokosea. Kwaya nzima inajua tabia hiyo na hakuna anayeitilia maanani.

Nikaibonyeza. Nikajiona mimi mwenyewe, na kitambaa cheusi kichwani, nimesimama mbele ya wote. Nasikika nikisema, "Laurenti, hapo unashuka mapema. Nimekwambia usikimbilie. Mama yangu hakusema haya maneno kwa haraka." Na Laurenti yuko mstari wa nyuma, anaomba radhi. Ndipo tukaanza kuimba.

Mwanamume huyu ameketi mbele yangu, ananiletea picha yangu mwenyewe nikimfundisha wimbo, nimsaidie kuuandikisha kuwa wake!

"Wanataka sauti tu," akasema, hanitazami. "Toa picha. Na hayo maneno ya mwanzoni kata, anzia tunapoimba."

"Hilo dogo."

"Nilijua tu. Wewe una moyo."

Kuigeuza video kuwa sauti ni kazi ya muda mfupi, nimewafanyia watu wengi. Sikuigeuza. Sikukata neno hata moja. Nililishika lile faili kama lilivyo, picha na maneno na kila kitu, nikafuta mkia wa video, nikaandika mp3, mkia wa sauti. Nikalibatiza. Yeye alikuwa anaangalia kadi za harusi. Nikajaza fomu, mtunzi Laurenti, mwalimu Laurenti, vidole vyangu mwenyewe. Brauza ikasoma mkia, ikauliza Windows, ikaambiwa ni sauti, ikaupelekea mfumo. Mfumo ukaamini.

Tiki ya kijani.

"Imepita?" akauliza.

"Tazama mwenyewe. Kijani."

Akashusha pumzi ndefu, akafunga macho. Kwa kitambo alionekana mzee. "Nikushukuruje, mtani?"

"Nenda salama, usije ukateleza."

Huko Dodoma waamuzi watabonyeza, wataambiwa faili bovu, watalitupa. Na yeye atakaa anangoja simu. Angoje mpaka masika yajayo. Dawa ya moto ni moto.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimelala kama mtoto mchanga. Nimekula ugali nikaongeza.

Jumapili, 27 Aprili

Mama Amani kanikamata nje ya kanisa, hasira zake za siku ile zimekwisha. Wamechagua kitambaa cha sare ya Dodoma, rangi ya majani, alinionyesha kipande. Wameanza kubishana nani atakaa dirishani kwenye basi. Kuna bibi mmoja wa sauti ya tatu, ameimba kwaya tangu ujana wake na hajawahi kuvuka Dumila kwenye barabara hiyo ya Dodoma. Amekwisha kununua viatu.

Nilisema kitambaa kizuri.

Jumatano, 30 Aprili

Leo ndiyo siku ya mwisho. Mfumo unaruhusu kubadilisha faili hadi jioni. Video ile bado iko kwenye kompyuta yangu, nywila ya Laurenti niliiweka mwenyewe. Ni kazi ya kubonyeza tu: geuza, kata, pakia.

Niliziwaza zile mvi za bibi wa sauti ya tatu na viatu vyake. Nikaiwaza sare. Nikauweka mkono kwenye kipanya. Halafu nikaona lile neno kwenye fomu, mtunzi, na jina lililokuwa mbele yake. Nikaondoa mkono, nikaenda kumsaidia Mama Sherbanu kupanga gundi mpaka muda ukapita.

Sijutii. Naandika tena nilisome vizuri kesho: sijutii.

Jumapili, 4 Mei

Mvua na mafua.

Jumamosi, 10 Mei

Haiwezekani!

Mama Amani kapiga simu anapiga vigelegele. Kwaya imepita. Waamuzi wameusikiliza wimbo, wameusifu, wameuweka kwenye nyimbo zitakazofikiriwa kwenda Dodoma. Wameusikilizaje? Kwa masikio yapi? Nilimbebesha Laurenti faili bovu, kumbe nimembeba mgongoni nikamvusha mto.

Nimevunja kikombe. Sikukiangusha, nimekivunja.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemvizia Elia tangu asubuhi. Alipoingia sikumpa hata nafasi ya kukunja mwavuli.

"Siku ile ulisema inategemea na programu. Malizia."

"Siku gani?"

"Siku ya printa, Elia! Video ukiibatiza ikawa sauti, mtu akaifungua, inakuwaje?"

Akacheka. "Inacheza tu, dada. Programu za muziki na video hazijali sana jina. Faili lina alama zake ndani, mwanzoni kabisa, programu inazisoma hizo. Inajua, aa, hii video, inaonyesha video. Brauza ndiyo inayoamini mkia wakati wa kupakia. Ukishapita mlangoni, anayekufungua anakutazama ulivyo."

"Inaonyesha na picha?"

"Na picha, na kila kitu. Kwani umempa nani?"

Nikalifungua lile faili, lile lile lenye mkia wa sauti. Nikatokea mimi na kitambaa changu cheusi. "Laurenti, hapo unashuka mapema. Mama yangu hakusema haya maneno kwa haraka."

Nilikaa naangalia mpaka mwisho. Elia akaniuliza nalia nini, nikamwambia ni mafua.

Alhamisi, 15 Mei

Laurenti kaingia dukani bila salamu, maji yanamchuruzika.

"Kadi zangu!" Mama Sherbanu akapiga kelele. "Wewe! Kauka kwanza!"

Hakumsikia. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu. "Umenifanya nini, wewe mwanamke?"

"Karibu, mtani."

"Usiniite mtani! Wamenipigia simu. Wameniuliza mwanamke anayefundisha ni nani. Wameniuliza kwa nini mtunzi wa wimbo yuko mstari wa nyuma, anafundishwa wimbo wake mwenyewe, na anaukosea! Nilikwambia utoe picha! Nilikwambia ukate maneno! Umenivua nguo mbele ya watu!"

Niliinuka. Nimekuwa nikiisubiri siku hii tangu Majivu. Nikamgonga begani, pale pale aliponigonga mimi.

"Mtani hakasiriki bwana."

Mama Sherbanu alicheka mpaka akatafuta kiti. Laurenti akakaa kwenye boksi la karatasi. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi, akasema kwa sauti ya chini. Mtunzi halisi awapigie mwenyewe, la sivyo kwaya inaondolewa.

"Basi mtafute mtunzi," nikasema.

"Magreth."

"Alikuwa anaitwa nani Jumatano ya Majivu?"

Ndipo nikampa masharti. Kitu alichochukua mtani msibani hukombolewa, hiyo anaijua kuliko mimi. Kwa kawaida hukomboa wafiwa. Safari hii atakomboa yeye. Atanunua jogoo, apande naye Mgeta kwa miguu yake, mpaka kaburini kwa mama, mbele ya wajomba zangu na kwaya nzima, aseme kwa kinywa chake wimbo ni wa nani.

"Na masika haya? Mtu mzima nipande mlima na jogoo, watu wananitazama?"

"Ulishuka naye watu wakikutazama."

Aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Acha anyeshewe.

Ijumaa, 16 Mei

Kapiga simu, sikupokea.

Jumamosi, 17 Mei

Kapiga tena. Nilikuwa nimeishika mkononi, nikaiangalia inaita. Tamu kuliko biriani.

Jumapili, 18 Mei

Mama Amani alikuja. Hakuleta ndizi.

"Sema kweli. Siku ile ulijua kwamba picha itaonekana?"

Ningeweza kudanganya, na ningekuwa shujaa wa Mafiga nzima. Lakini Mama Amani ndiye aliyenifunga kitambaa kile cheusi kwa mikono yake.

"Sikujua."

"Ulitaka nini, basi?"

"Nilitaka lisifunguke kabisa."

Alinitazama. "Na sisi tumo ndani? Mimi nimo, bibi yule na viatu vyake yumo, sauti zetu zote zimo. Sote ulitutupa kwa ajili ya Laurenti?"

Nilijifanya napanga karatasi. Zilikuwa zimepangwa tayari.

"Tulikaa kimya, tulikukosea," akasema. "Hilo nalikubali, na naona aibu. Lakini wewe ungetuzika wazima halafu uje utuulize kwa nini tunalia." Akafungua mwavuli akaondoka. Hakugeuka.

Nimekaa na maneno yake jioni nzima. Laurenti bado namchukia, wala asije mtu kunidanganya. Ila sasa chuki yenyewe haina utamu wa juzi.

Jumatano, 21 Mei

Mvua imepungua. Mama Amani alipita mbele ya duka bila kuinua mkono.

Ijumaa, 23 Mei

Nimewapigia Dodoma mwenyewe. Sikungoja jogoo. Nimewaambia wimbo ni wangu, maneno ni ya marehemu mama, na kwaya haina kosa, waiache. Mama mmoja wa sauti nzuri akaniuliza, "Na huyu Laurenti tumfanyeje?" Nikasema abaki, ni sauti ya nne, wanamhitaji. Akasema ataandika hivyo.

Nimemwambia Mama Amani peke yake. Alisema atanipimia sare. Laurenti hajui. Tumekubaliana asijue mpaka ashuke mlimani. Wema una mipaka yake.

Jumapili, 25 Mei

Laurenti kanifuata nje ya kanisa. "Jumamosi," akasema, akaondoka haraka.

Jumamosi, 31 Mei

Tumerudi salama, miguu inaniwaka moto.

Gari lilitushusha pale barabara inapokuwa haipitiki, tukapanda kwa miguu, kwaya nzima na sare zao mpya wamezikunja hadi magotini. Laurenti alikuwa na jogoo mwekundu kwapani. Jogoo yule alimdonoa njia nzima. Alianguka mara ya kwanza kabla hatujafika kwenye migomba, akaanguka tena kwenye kijito, na kila akianguka jogoo anapiga kelele mabonde yote yasikie. Watoto walitufuata wakicheka. Nilitembea kando yake makusudi ili nisikose hata tone.

Kaburini wajomba zangu walikuwa wamekaa wanangoja. Laurenti aliweka jogoo chini, akavua kofia. Nilidhani atatania. Mtani yeyote angetania, ingekuwa njia rahisi ya kutoka.

"Mama," akasema akitazama udongo, "nilichukua jogoo wako, nikachukua na wimbo wako. Jogoo mila inaniruhusu. Wimbo hapana. Wimbo ni wa binti yako Magreth. Siku ile kanisani mtangazaji alikosea, akanitaja mimi, watu wakapiga makofi. Nilikuwa sijapigiwa makofi siku nyingi. Nilishindwa kusema si wangu. Halafu kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi."

Hakuna aliyecheka. Mjomba wangu mkubwa alimchukua jogoo, akampapasa, akasema amepokelewa. Kisha tukaimba, mimi mbele, Laurenti mstari wa nyuma. Hakushuka mapema.

Nilitegemea furaha. Nilikuwa nimeiandalia nafasi tangu Machi. Iliyokuja ilikuwa ndogo, na ilichanganyika na kitu kingine ambacho sikukialika. Kumbe wizi wote ule ulianza na mtangazaji kukosea jina, na mtu mzima kukosa moyo wa kuinuka aseme hapana.

Tukaanza kushuka. Mvua ilirudi, njia ikawa kama imepakwa sabuni. Wenzetu walitangulia na Laurenti akabaki nyuma yao, maana goti lake lilikuwa limeumia. Ningeweza kumpita. Nikakaa nyuma yake. Pale penye kona ya mawe, ambapo chini kuna korongo, aliteleza, akashika majani, akabaki amechuchumaa. Mgongo wake ulikuwa mbele yangu kabisa. Mungu anisamehe, wazo lilipita.

"Shuka taratibu, mtani," nikamwambia. "Njia ina utelezi. Niko nyuma yako."

Akageuka kunitazama, uso umesawijika, mvua inamtiririka. Hakujua kama nimeyasema kwa wema au kwa ubaya. Hata mimi sikujua, nikamwacha ashuke hivyo hivyo mpaka barabarani.